Jiwe Lililotakata

Mvua ikianza kugonga mabati, mpaka leo huwa naacha ninachokifanya na kunusa. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi ananusa mvua kama paka. Wacheke. Wao mvua wameijulia ndani ya nyumba yenye choo cha kuvuta maji. Mimi naijua mvua nyingine.

Niseme mapema kwamba sikusoma. Herufi nilizijua ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, enzi zile za ujamaa ambapo hata mwenye mvi alishikishwa chaki akaambiwa andika a. Kwa hiyo nikipotea njia, nisubirini hapo hapo. Huwa narudi.

Tulipanga Kariakoo, ile pembe ya chini ambako mitaa inaanza kuinama kuelekea Jangwani. Nyumba ya vyumba sita, korido katikati, uani choo kimoja cha shimo cha watu wote. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja wa Pwani, mjane, aliyekaa barazani kutwa akiamuru kila kitu hata upepo. Chumba kimoja nilikaa mimi na mume wangu, kuli wa bandarini, sote watu wa Kusini. Chumba kilichotazamana na chetu alikaa mwanamke wa Kilimanjaro, mke wa dereva wa malori ya safari ndefu. Mume alikuwa akiondoka, wiki tatu hata harufu yake huisikii.

Huyu jirani ndiye ninayetaka kumsema. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili kabla ya hiyo zilitoka. Kwa hiyo hii ya tatu aliibeba kama mtu anayevuka barabara na trei ya mayai. Alichemsha maji ya kunywa, akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa cheupe, na kama inzi amepita karibu aliyamwaga akaanza upya. Mimi na yeye tulipendana kwa kutaniana, yeye akinicheka kwa panya wanaoliwa kwetu Kusini, mimi nikimcheka kwa ndizi za kwao. Asubuhi nikifungua mlango, yeye ndiye anaanza:

"We wa panya, umeamka?"

"Nimeamka, wa ndizi. Tumbo linasemaje?"

"Linakutukana."

Basi siku imeanza.

Kazi yangu ilikuwa matango, figili na majani ya giligilani. Nililima kitaruta changu, kijishamba cha matuta machache, kule bondeni Jangwani, kando ya kijito, halafu nauza Kariakoo, chini, juu ya gunia. Mboga za kuliwa mbichi zina siri moja: zinanyauka. Jua la saa tano likizipiga, figili inalala kama mgonjwa, na mteja hanunui figili iliyolala. Kwa hiyo sisi wauza mboga kila mtu alikuwa na debe lake la maji ya kunyunyizia. Unachovya mkono, unarusha, unachovya, unarusha, mpaka jioni. Maji ya debe hilo niliyachota kijitoni, pale pale nilipooshea mboga, maana kubeba mengine kutoka bombani kulikuwa na foleni, na foleni za wakati ule mnazijua: sukari foleni, unga foleni, sabuni foleni. Niliwahi kupanga foleni saa nzima halafu nikauliza tunapanga nini, mtu wa mbele akasema hata yeye hajui, ila ikianza kwenda tunaenda.

Narudi.

Pale kijitoni nilikuwa na jiwe langu. Jiwe bapa, pana kama meza, nusu ndani ya maji. Kiangazi lilikuwa na utelezi, ute wa kijani uliochanganyika na hudhurungi, mzito kama kamasi. Niliuchukia. Kila wiki nilisugua kwa mchanga, kila wiki unarudi. Siku moja nikiwa nasugua akatokea kijana mmoja bwana afya, nywele zake kubwa kama kichaka, suruali ya bugaluu, ile pana miguuni, imelowa mpaka magotini, amebeba chupa ndogo zimefungwa kamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unavua?"

"Navua, lakini ninaowavua hawaonekani."

Nikadhani kichaa. Jangwani walikuwepo. Lakini alikuwa mpole, akakaa ukingoni, akanieleza. Alikuwa anachota maji mahali patatu: juu kabla ya mji, hapa kwangu, na chini ya ule mfereji unaotema maji machafu ya mjini. Anakwenda kuyatazama kwa hadubini. Akasema mto una wenyeji wake, vijidudu vidogo mno, aina nyingi ajabu, na wengi hawana ubaya na mtu. Ule utelezi wangu ndio mtaa wao. Wameshikamana pale kwenye jiwe, wanakula uchafu unaopita, kila mmoja na chakula chake, kama wapangaji wa nyumba moja waliokwishazoeana.

"Usiwasugue sana," akasema. "Wanakusaidia kidogo."

"Wananiangusha," nikamjibu. "Juzi nimeanguka makalio."

Akacheka. Akasema pia nisiyanywe maji yale hata siku moja, wenyeji wawepo wasiwepo. Nikamwambia nani anywe maji ya Jangwani, sina wazimu. Na kweli sikuyanywa. Niliyarushia matango tu.

Masika ya mwaka ule yalikuja na habari za kipindupindu. Kwanza redioni, kwamba kipo mahali fulani, mbali. Halafu si mbali. Balozi wetu wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango: chemsheni maji, naweni mikono, msile ovyo. Tukaitikia. Bibi mwenye nyumba akasema nyumba yake haijapata kuingia kipindupindu toka Mjerumani, hakitaingia leo.

Sasa hapa kuna jambo ambalo sikulisema miaka mingi. Choo chetu kilikuwa kimejaa. Kujaa huko kulikuwa na sababu: bibi alipata mgeni, mpwa wake kutoka safari, akakaa siku nne, na siku zote nne aliishi chooni. "Tumbo la safari," bibi akasema. Akampa chai ya tangawizi. Siku ya tano akajiondokea, amekonda, lakini anatembea, nasi tukasahau. Shimo halikusahau. Lilikuwa linapumua.

Wa Dar wa zamani wanajua kinachofuata. Gari la kunyonya vyoo ulikuwa ukiliomba, unalisubiri mpaka unazeeka. Kwa hiyo watu walisubiri mvua. Ubavuni mwa shimo, upande wa mteremko, pana tundu limezibwa kwa mawe na matambara. Mvua kubwa ikishuka, mtaro unajaa, unazibua. Choo kinatapika, maji yanabeba, kila kitu kinakwenda Jangwani, na hakuna wa kumshika mwenzake, maana mvua hiyo hiyo iko kwenye nyumba zote na kila nyumba inafanya hivyo hivyo.

Mvua ilishuka saa nane mchana. Mbingu ilikuwa nyeusi tii. Nilifunika kioo kwa kanga, kama mama yangu alivyonifundisha, maana radi hupenda kioo. Jirani yangu alikaa kitandani kwangu ameziba masikio. Bibi akapiga kelele kutoka barazani:

"Wanaume wako wapi? Mvua itaisha hii!"

Wanaume hawakuwepo. Mume wangu bandarini, wengine vibaruani. Bibi akaja koridoni, akanitazama.

"Wewe una mikono ya jembe. Nenda."

"Bibi, mimi?"

"Mvua ni ya Mungu, mwanangu. Sisi tunaifungulia mlango tu."

Nikaenda. Nilizibua mimi. Mikono hii. Sitaeleza harufu. Nitasema tu kwamba lilipochomoka lile tambara la mwisho niliruka nyuma nikaegemea ukuta, na nikaona inavyotoka, nyeusi, inaingia mtaroni, mtaro unaipokea bila kuuliza, inateremka. Nikahisi raha, wallahi. Kama mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi yake jua lilichomoza safi. Nikashuka bondeni na kikapu. Nusu ya kitaruta changu ilikuwa imechukuliwa na maji. Lakini jiwe langu, jamani! Lilikuwa jeupe. Limesuguliwa na mafuriko mpaka likang'aa kama sahani ya harusi. Utelezi wote umekwenda. Nilipiga kigelegele peke yangu. Nikasema, kumbe dawa ya jiwe ni mvua, mto umeoga. Maji yalikuwa ya udongo udongo, lakini yanakwenda kasi, na kwetu tulikuwa tukisema maji yanayotembea hayana ubaya. Nikaosha matango yaliyobaki kwa furaha, nikajaza debe langu mpaka juu, nikalitia kichwani.

Niliuza yote siku ile. Matango matatu nilirudi nayo nyumbani. Jirani alikuwa na hamu ya kachumbari, hamu ya mimba, analamba midomo. Nikamkatia tango kwa ganda lake, nyanya, kitunguu, ndimu, nikamwagia giligilani juu. Mimi nilikula pia, kidogo. Yeye alimaliza bakuli akanyonya vidole.

"Wa panya, mkono wako mtamu."

Siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri, alianza kuharisha. Maji matupu, meupe kama yaliyooshewa mchele. Halafu kutapika. Mpaka alasiri macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama, na ile sauti yake ya kunitukana imekuwa ya kitoto. Alinishika kanga. "Mtoto," akasema. "Mtoto tu." Watu wa afya walikuja na Landrova wakambeba. Wakanyunyiza dawa nyumba nzima, tukapewa vidonge. Kambi ya wagonjwa ilikuwa ya mahema, imezungushiwa kamba. Ukienda kumwona mgonjwa unasimama nje ya kamba kama unamwona mfungwa.

Jioni hiyo hiyo alikuja yule bwana afya wa nywele nyingi. Hakuwa akicheka tena. Akatuuliza sote uani: mnachemsha maji? Tunachemsha. Mnanawa? Tunanawa. Na ilikuwa kweli. Akakuna kichwa. Halafu, kama mtu anayeaga tu, akaniuliza mimi:

"Mama, lile jiwe lako bado linakuangusha?"

"Aaa, limetakata!" nikamwambia, na nikajivuna kidogo. "Mvua imelisafisha, linang'aa."

Uso wake ulibadilika. Akachuchumaa, akafungua daftari lake, akanionyesha michoro. Ukurasa mmoja ulikuwa wa kiangazi: nyuzi, vijiti, vimviringo, vingine kama mitumbwi, maumbo tele, ukurasa umejaa kama Kariakoo Jumamosi. Ukurasa wa pili ulikuwa wa juzi, maji ya baada ya mvua. Vijiti vifupi vifupi tu, karibu vyote sawa, vingi kama mchele uliomwagika.

"Mafuriko yamewang'oa wenyeji kwenye mawe," akasema. "Na maji machafu yameleta hawa. Hawa makao yao si mto, makao yao ni tumbo la mtu. Mvua haisafishi mto, mama. Inaufukuza mtaa mzima, halafu inaleta wageni kutoka vyooni. Jiwe likitakata hivyo, hapo ndipo pa kuogopa."

Debe langu lilikuwa pale pale chini ya benchi, lina maji nusu. Nilikuwa nimenyunyizia kila tango maji yake. Na wageni anaowasema, nilijua walikotoka. Niliwafungulia mlango kwa mikono yangu. Tulitoa uchafu wetu kwa mlango wa uani, na mimi nikaurudisha kwa mlango wa mbele, nimeubeba kichwani, nikaukatia na nyanya.

Sikusema. Ndiyo, sikusema. Bibi alinikazia macho. Bwana afya alipoondoka akaninong'oneza, "Choo kimetapishwa na mvua. Umesikia?" Mume wangu, aliporudi na nikamweleza chumbani, alishika kichwa. "Wanatafuta wa kumfunga," akasema. "Watasema umelisha watu sumu. Kaa kimya." Nikakaa kimya. Lakini kila tumbo langu likinguruma nilidhani ndiyo mimi sasa, na kwa aibu niwaambie kuna wakati nilitamani iwe mimi. Nilifikiria wote walionunua siku ile. Mama mmoja mwenye baibui alinunua figili mafungu mawili. Nilitafuta uso wake kichwani sikuupata, na mpaka leo siupati.

Kesho yake nikaenda kambini. Nikasimama kwenye kamba pamoja na watu wengi, kila mtu anaita mtu wake. Bwana afya akatoka kwenye hema, ameshika kikombe. Aliponiona akaja.

"Mama wa jiwe, yule mjamzito ni ndugu yako?"

"Jirani."

"Hataki kunywa." Alikuwa kama anayetaka kulia. "Maji ya chumvi na sukari ndiyo dawa, anayatema. Mshipa umejificha, sindano haiingii. Anasema alichemsha kila tone na bado maji yamemwua. Anasema hakuna maji duniani atakayoyaamini tena, bora afe na kiu mtoto asinyweshwe sumu. Asipokunywa mpaka mchana, mama..."

Akatazama kikombe.

Nilimwelewa yule mwanamke kuliko bwana afya alivyomwelewa. Alifanya kila alichoambiwa. Akachemsha, akachuja, akamwaga kwa ajili ya inzi mmoja. Sasa kama maji yale yalimdanganya, aamini yapi? Na mtu pekee aliyejua kwamba maji yake hayakumdanganya nilikuwa mimi.

Niliogopa. Nimeogopa mara nyingi maishani, lakini hofu ile nyingine zote ni watoto wake. Pembeni yangu wamesimama watu wamepoteza ndugu. Mgambo wawili wako pale na virungu. Nikashika kamba kwa mikono miwili, nikapiga kelele kuelekea hema.

"Wa ndizi! Wa ndizi wee!"

Nikaivuta kamba mpaka kifuani.

"Si maji yako! Unanisikia? Maji yako yalikuwa safi! Ni matango yangu! Niliyaosha kijitoni, nikayanyunyizia maji ya kijito! Na choo nilikizibua mimi, siku ya mvua, kikaenda kijito hicho hicho! Ni mimi! Maji yako hayana kosa, kunywa! Kunywa, mwanamke, ukishapona uje uniue!"

Watu walisogea mbali nami, kama radi imepiga. Mtu mmoja akasema, "Shetani huyu." Mwingine akaokota jiwe, nililiona mkononi mwake. Bwana afya akapita chini ya kamba akasimama mbele yangu, akawaambia, kwa sauti si kubwa, "Nani hapa hajazibua? Nani? Atupe huyo." Jiwe halikutupwa. Lakini lilikaa mkononi muda mrefu.

Halafu akatoka muuguzi hemani, ameinua kikombe kitupu, anakigeuza tuone.

"Amekunywa," akasema. "Na ametuma salamu. Anasema, mwambieni wa panya, nikitoka nitamtoboa."

Nikakaa chini kwenye matope nikalia.

Walinihoji, sitasema hawakunihoji. Niliwaonyesha tundu, niliwaonyesha jiwe, nikawapa debe wachote. Bwana afya aliotesha maji yale kwenye visahani vyake, akawapata wale wale aliokuwa akiwatafuta. Wakafukuza wauza mboga wote wa bonde, wakang'oa taruta zetu, na wenzangu hawakunisemesha mwaka mzima. Hawakunifunga. Sijui kwa nini. Labda jela ingejaa Kariakoo nzima. Bibi mwenye nyumba hakunifukuza, ila kila nikipita barazani aligeuza uso ukutani.

Siku zile za kungoja nilikuwa nikishuka Jangwani bila kikapu, kulitazama jiwe. Lilikuwa tupu, jeupe kama mfupa. Sikuligusa. Siku ya sita hivi nikapitisha kidole nikahisi kitu chembamba, kama mate. Nikakaa ukingoni nikautazama ule ute, mimi niliyekuwa nikiusugua kwa mchanga. Karibuni, nikasema. Aliyenisikia sijui alidhani nini.

Jirani alirudi siku ya tisa, ameshikiliwa na mumewe aliyefika kutoka safari. Alikuwa mifupa na tumbo. Tumbo lilikuwepo. Nilisimama mlangoni kwangu, sijui niingie au nikimbie. Akajishusha taratibu kwenye kigoda uani, akapumua, akaweka mkono wangu tumboni kwake bila kunitazama. Nikangoja. Halafu pakagonga, kidogo, kama mtu anayebisha hodi hana haraka.

"Ulinilisha mavi," akasema.

"Ndiyo."

"Ya nyumba nzima."

"Ndiyo."

"Na ya mpwa wa bibi."

Nikatazama mlango wa choo.

"Lete debe," akasema. "Na msumari. Na jiwe."

Nikaleta. Mumewe alitaka kumsaidia, akamsukuma. Akaligeuza debe kitako juu, akalikandamiza katikati ya miguu yake, na kwa mikono ile isiyokuwa na nyama akaanza kugonga msumari. Tundu moja. Akapumzika. Tundu la pili. Jasho lilimtoka, nami sikuthubutu kumpokea. Aligonga mpaka kitako chote kikawa kama chujio, akaliinua kwenye jua akachungulia.

"Hili halitabeba maji tena," akasema. Akanitupia miguuni. "Sasa nenda kachemshe ya kunywa. Nina kiu. Na mimi nitakaa hapa hapa, nakutazama."

Nikawasha moto. Nikabandika sufuria. Akanitazama mpaka yakachemka, na yalipochemka akasema yaache, yaendelee.